Nondo Zisiliwe na Kutu: Mwongozo Kamili kwa Anayejenga Pwani

Ukitaka kujua afya ya zege la pwani, chukua nyundo ndogo uligonge. Penye uzima nyundo inaruka na mlio ni mkavu. Penye ugonjwa mlio unakuwa wa debe tupu, kwa sababu tabaka la nje limeshaachana na la ndani, na katikati yake kuna nondo inayovimba kwa kutu.

Niliwahi kuitwa kutazama roshani ya ghorofa moja kando ya bahari, upande wa kaskazini wa Dar es Salaam. Mama mwenye nyumba alikuwa amewachoka mafundi. "Fundi, hii plasta nimeirudia mara tatu. Masika ikipita tu, inadondoka." Nikapanda ngazi, nikagonga, kipande cha ukubwa wa sahani kikaniangukia mkononi. Upande wake wa ndani kilikuwa na mfereji mwekundu, alama ya nondo ilipolala. Nikapima kutoka kwenye mfereji ule hadi uso wa nje wa zege: milimita 12. Nikamwambia, "Mama, plasta haina kosa. Inasukumwa kutoka ndani."

Pale palihitaji milimita 45. Kwa roshani ile ya mita za mraba sita hivi, zege lililokosekana lilikuwa la mfuko mmoja na nusu wa saruji.

Msimamo wangu niuseme mapema. Nondo hulindwa kabla ya kumwaga zege, siku ya kulimwaga, na wiki moja au mbili baada ya hapo, na hulindwa kwa vitu vya bei ndogo: umbali, maji machache, na kumwagilia. Rangi na dawa za kwenye makopo husaidia kazi ambayo tayari ni nzuri. Kazi mbovu haziiokoi.

Kutu inaingiaje

Zege zima lina alkali kali, kinyume cha asidi: kwenye kipimo cha pH ni kati ya 12.5 na 13 hivi. Katika hali hiyo chuma hujitandia utando mwembamba mno, hauonekani kwa macho, na utando huo ndio unaozuia kutu. Vunja zege zuri la zamani uone: nondo inatoka na rangi yake ya siku ilipozikwa. Maadui wa utando huo ni wawili.

Wa kwanza ni hewa ukaa. Inapenya taratibu kwenye vitundu vya zege na kuila ile alkali, mpaka pH inashuka chini ya 9 na utando unakufa. Habari njema ni kwamba mwendo wake hupungua kadiri inavyoingia ndani. Kama imeingia milimita 10 kwa miaka 5, milimita 20 itazifikia mwaka wa 20, si wa 10. Maana yake ukizidisha zege lililoifunika nondo mara mbili, muda unazidi mara nne. Sijui kitu kingine pale saiti kinacholipa faida kama hiyo.

Wa pili ni kloridi, ile iliyomo kwenye chumvi, na huyu ndiye muuaji wa pwani. Haisubiri alkali iishe. Ikifika kwenye chuma kwa wingi wa kutosha inautoboa utando na kuchimba vishimo hapa na pale, kama nondo wa kabatini anavyotoboa kanga. Ndiyo maana unaweza kukuta nondo inaonekana nzima kwa nusu mita, halafu mahali pamoja imebaki nyembamba kama msumari.

Kutu ikishaanza huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara mbili hadi mara sita. Zege huvumilia sana kugandamizwa, lakini kuvutwa haliwezi, kwa hiyo linapasuka kufuata mstari wa nondo. Ukiona ufa ulionyooka kama uliopigwa kwa rula kwenye pembe ya nguzo, huo umetoka kwenye nondo. Usimlaumu fundi rangi.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Gede yamepigwa na upepo wa chumvi kwa karne nyingi na kuta zake bado zimesimama, kwa sababu ni mawe ya matumbawe na chokaa, ndani hamna nondo. Wazee walibebesha paa boriti za mikoko, na vyumba vyao vikawa vyembamba kwa kuwa mkoko hauvuki zaidi ya mita tatu hivi. Sisi tumetaka sebule ya mita tano na roshani inayoning'inia hewani. Gharama yake ni kukitunza chuma.

Hatua ya 1: Jua jengo lako linakaa wapi

Kabla ya kukata nondo hata moja, uliza: sehemu hii ya jengo itaonja nini? Chumba cha ndani kikavu, ukuta unaonyeshewa mvua, nguzo inayopigwa na upepo wa bahari, na msingi uliokaa kwenye maji ya chumvi havifanani hata kama ramani imevichora kwa kalamu moja. Upande unaotazama kusi huchakaa haraka zaidi, maana upepo wenyewe una nguvu na unakuja na matone ya mawimbi. Usijidanganye kwamba kwa kuwa bahari huioni basi uko salama. Tazama mabati, mageti na nyavu za madirisha za majirani. Zikiwa zimeoza ndani ya miaka michache, hewa yako ina chumvi.

Unene wa zege unaoifunika nondo mafundi wanauita kava. Kwa hesabu za Eurocode 2, kanuni za Ulaya za majengo ya zege, kwa jengo la kawaida, viwango vya kuandika kwenye mchoro ni hivi: ndani ya nyumba pakavu milimita 25, nje, mbali na bahari, 35 hadi 40, penye hewa ya chumvi 45, panapopigwa na mawimbi au maji kupwa na kujaa, 55. Msingi ukimwagwa moja kwa moja kwenye udongo weka 75. Ukitanguliza tabaka la zege jepesi la kusafisha chini, 50 zinatosha kwa viwanja vya pwani. Injinia anaweza kuongeza kwa ajili ya moto au unene wa nondo. Wewe usipunguze.

Hatua ya 2: Kava ianzie kwenye ringi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nyumba nyingi hufia hapa.

Kava hupimwa kutoka uso wa zege hadi chuma kilicho nje kuliko vyote. Kwenye nguzo na boriti chuma hicho ni ringi, ile nondo nyembamba inayozifunga nyingine kwa kuzizunguka, si nondo kubwa. Fundi akisoma "45" na kuipima hadi kwenye nondo ya mm 16, ringi ya mm 8 inabaki na 37 tu, na ringi ndiyo nyembamba, ndiyo inayokatika mapema.

Fanya hesabu kabla ya kukunja. Nguzo ya milimita 230 kwa 230 ukiitaka na kava ya 45 kila upande, ringi yake kwa nje ni 230 kutoa 90, yaani 140. Nimeona mara nyingi ringi za 190 zikiingizwa kwenye nguzo hiyo. Ukiziweka katikati kabisa, kava ni 20. Na haziwi katikati. Upande mmoja utakuta 30 na mwingine 10. Ringi ikishakunjwa vibaya, hakuna biskuti (vipande vya saruji vya kuishikilia nondo) wala vibreta (mashine ya kutikisa zege) itakayoirekebisha.

Sasa chukua nguzo ya inchi 6, ile inayofichwa ndani ya ukuta wa tofali za inchi 6 ili isitokeze chumbani. Milimita 150 kutoa 90 ni 60. Ringi ya milimita 60 yenye nondo nne ndani haisukiki, na hata ikisukika kokoto hazitapita. Kwa hiyo karibu na bahari nguzo hiyo haijengeki kwa usalama, hata fundi awe hodari namna gani. Ipanue itokeze nje ya ukuta. Mwenye nyumba atalalamika kwamba kabati halitakaa vizuri. Mwache alalamikie kabati.

Kinachoishika nondo mahali pake ni biskuti. Zitengeneze saiti mapema: saruji moja kwa mchanga mbili, maji kidogo, unene ule ule wa kava unayotaka, waya wa kufungia ukiwa umezikwa ndani. Zikikauka siku ya kwanza zitumbukize kwenye pipa la maji kwa wiki nzima. Biskuti laini ni mlango wa chumvi uliojengewa makusudi. Kipande cha tofali, kokoto, mbao au bomba la plastiki lisitumike badala yake. Tofali hunyonya maji na kokoto inateleza zege likimwagwa.

Biskuti zifunge kwa kuachana mara 50 ya kipenyo cha nondo: kwa mm 12 ni kila sentimita 60, na kwa nondo yoyote isizidi mita moja. Kwenye nguzo zizunguke pande zote nne. Kwenye slabu, nondo za juu zibebwe na stuli za nondo zilizokunjwa, zilizofungwa kwenye nondo za chini au kuketi juu ya biskuti, miguu yake isiguse boksi, zile mbao zinazomwagiwa zege. Roshani iangalie kwa macho mawili: nondo zake kubwa ziko juu, na watu wa toroli wakizikanyaga zinashuka. Hapo umepoteza nguvu, na chini umepoteza kava. Weka mbao za kupitia.

Jambo dogo linalosahaulika: ncha za waya wa kufungia. Fundi akimaliza kukaza, ncha mbili zinabaki zimetazama nje. Zikigusa boksi, zitatokeza madoa mekundu kwenye uso wa zege. Pita na koleo uzikunje zielekee ndani, zote, kabla boksi halijafungwa.

Na plasta haihesabiwi kwenye kava. Hata kidogo.

Hatua ya 3: Usiingize chumvi kwa mikono yako mwenyewe

Kuna chumvi inayokuja na upepo, ambayo itachukua miaka kuifikia nondo. Na kuna ile unayoimwaga kwenye mixa asubuhi, ambayo imefika siku hiyo hiyo. Kiwango kinachotumika sana ni kloridi isizidi asilimia 0.4 ya uzito wa saruji kwa zege lenye nondo za kawaida. Kwa mfuko wa kilo 50 hiyo ni gramu 200.

Maji ya bahari yana kama gramu 19 za kloridi kwa lita. Ukichanganya mfuko mmoja kwa lita 25 za maji hayo umeweka gramu 475, zaidi ya mara mbili ya kikomo. Mchanga wa ufukweni nao: kwa mfuko mmoja unatumia kama kilo 80 hadi 100 za mchanga, na ukiwa umebeba unyevu wa bahari wa asilimia 5 tu, kilo 100 zina lita 5 za maji ya chumvi, karibu gramu 95. Nusu ya kikomo imekwisha na maji hujaweka bado. Mchanga uliolowa na kukauka mara nyingi juu ya mstari wa maji ndio mbaya zaidi, kwa sababu maji huondoka na chumvi hubaki.

Kwa hiyo mchanga uwe wa mto au wa machimbo ya bara. Ukiletewa lori, chota kiganja kimoja utafute vipande vya makombe. Ukiviona, uliza maswali. Tia mchanga kwenye chupa yenye maji safi, tikisa, acha utulie, kisha onja maji ya juu uteme. Anayetaka uhakika apeleke sampuli maabara. Huko watatia matone ya nitrati ya fedha, na maji yenye kloridi yatageuka meupe kama tui.

Maji ya kuchanganyia zege la nondo yasizidi miligramu 1,000 za kloridi kwa lita. Ulimi wa kawaida huanza kuisikia chumvi kwenye miligramu 200 hadi 300, kwa hiyo maji ambayo hayana ladha ya chumvi yanafaa kwa upande huo. Visima vingi vya pwani havivuki mtihani huu kiangazi. Ya boza, uliza yamechotwa wapi. Ya mvua yaliyovunwa kwenye paa safi ni mazuri kabisa.

Pia soma lebo ya dawa yoyote ya kuharakisha zege kukauka. Zile zenye kloridi ya kalsiamu zisikaribie nondo.

Hatua ya 4: Nondo zenyewe

Zikishushwa zisilale mchangani. Ziweke juu ya tofali au mirunda, uzifunike kwa turubai linalopitisha hewa chini. Kutu nyepesi ya kahawia isiyotoka kwa kidole haina madhara. Kutu ya magamba haifai. Isugue kwa brashi ya waya, na kama nondo zimekaa wiki kadhaa kwenye upepo wa bahari zioshe kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, siku moja kabla ya kumwaga. Ondoa mafuta na tope. Ikibaki na vishimo baada ya kusuguliwa, pima kipenyo. Iliyopungua iende kwenye kazi ndogo au kwa wanunua vyuma chakavu.

Watu huniuliza kuhusu nondo maalumu. Zilizochovywa zinki hustahimili hewa ukaa na huongeza muda kwenye chumvi ya wastani. Zilizopakwa epoksi, rangi ngumu kama plastiki, zinataka saiti yenye adabu, maana mkwaruzo mmoja unageuka kitovu cha kutu. Kwenye madaraja ya visiwa vya Florida Keys, Marekani, yaliyojengwa kama mwaka 1980, nondo za aina hiyo zilianza kuliwa ndani ya miaka michache tu. Chuma kisichoshika kutu ndicho bingwa: gati la Progreso huko Yucatán, Meksiko, lilijengwa kwa nondo hizo kati ya 1937 na 1941 na limedumu, ilhali jirani yake lililofuata miongo kadhaa baadaye kwa nondo za kawaida limebaki mabaki. Bei yake lakini inamfaa mwenye gati. Wewe mwenye nyumba, fedha hiyo iweke kwenye kava na saruji.

Hatua ya 5: Zege gumu, maji kwa ndoo

Kila saiti ina sauti ile ile saa tano asubuhi: "Injinia, zege linakataa kushuka, tuongeze maji kidogo." Hapo ndipo vita vinaposhindwa.

Saruji inahitaji kama robo ya uzito wake wa maji ili kuungana nayo. Mengine tunayaweka ili zege lilainike, na yakikauka yanaacha njia nyembamba ambazo chumvi itapita. Penye hewa ya chumvi maji yasizidi nusu ya uzito wa saruji: lita 25 kwa mfuko wa kilo 50. Panapopigwa na mawimbi, 0.45, yaani lita 22 na nusu. Na lita hizo ni pamoja na maji yaliyomo kwenye mchanga. Mchanga wenye unyevu wa kawaida, kilo 80 kwa mfuko, unaleta kama lita 4. Kwa hiyo penye hewa ya chumvi ni ndoo moja ya lita 20 kwa mfuko mmoja, kisha kopo la lita moja mkononi mwa mtu mmoja unayemwamini. Mpira wa maji usiachwe karibu na mixa.

Kipimo cha mchanga na kokoto kisiwe chepe. Tengeneza boksi la mbao lenye ndani sentimita 40 kwa 35 kwa kina cha 25. Ujazo wake ni lita 35, sawa na mfuko mmoja wa saruji. Saruji moja kwa mchanga moja na nusu kwa kokoto tatu ni mwanzo mzuri kwa kazi ndogo. Moja kwa mbili kwa nne waachie wa bara na kazi nyepesi. Kwa nguzo na roshani zinazotazama bahari, Ulaya wanadai zege la daraja la nguvu C30/37 na saruji isiyopungua kilo 300 kwa mita ya ujazo. Hilo lipatikane kwa mchanganyiko uliopimwa maabara, usilikisie. Tumia saruji ya nguvu ya 42.5; yenye pozolana (kama majivu ya volkano) au slagi (mabaki ya tanuru la chuma) hupunguza mwendo wa kloridi, mradi uimwagilie kwa muda mrefu zaidi.

Zege likiwa gumu kupita kiasi, tumia dawa ya kulainisha isiyo na kloridi badala ya maji. Na kodi vibreta. Iingize wima, kila baada ya sentimita 40 hivi, itoe polepole mapovu yakikoma, usiivute kwenye nondo. Matundu kama sega la nyuki chini ya nguzo, yakija kuzibwa na plasta usiku boksi likifunguliwa, ndiyo chumba cha kulala cha kutu.

Hatua ya 6: Kumwagilia

Tabaka la nje la zege, lile lile linaloifunika nondo, ndilo la kwanza kukaukiwa na jua na upepo. Likikosa maji siku za mwanzo linabaki na vitundu, hata kama katikati ya nguzo zege ni chuma. Anza saa chache baada ya kumwaga, mara uso usipochubuka. Slabu ijengee vituta vya mchanga pembeni uifunike kwa maji. Nguzo izungushie magunia ya mkonge yaliyolowa kisha nailoni. Siku 7 bila kukatisha, na 14 kwa saruji ya pozolana. Kumwagia asubuhi na jioni pekee, mchana likakauka kabisa, si kumwagilia. Maji yawe baridi, ya bahari hapana, hata "ya juu juu tu".

Hatua ya 7: Maji yasipate pa kukaa

Slabu za nje ziinamishe, mita moja ishuke angalau sentimita moja na nusu. Chini ya ukingo wa roshani acha mfereji mdogo wa kudondoshea maji, ili mvua isitambae kurudi ndani kwenye dari. Bafu za ghorofani na juu ya karo zipakwe dawa ya kuzuia maji kabla ya vigae. Nyufa zaidi ya milimita 0.3 zishughulikiwe, hasa zinazopitisha maji. Nje, rangi nzuri inayozuia maji lakini ikaruhusu mvuke kutoka inasaidia, kila ikichakaa irudiwe.

Nondo za kusubiri ghorofa

Hizi zinastahili sehemu yake. Tembea mji wowote wa pwani uinue macho: juu ya paa la slabu nondo zimesimama kama nywele, zinasubiri ghorofa ya pili ambayo pesa yake haijapatikana. Miaka minane, kumi. Kutu haiishii hewani. Maji huteremka na nondo hadi pale inapoingia kwenye zege, na hapo shingoni ndipo inapoliwa zaidi, mahali ambapo ghorofa ijayo itasimamia.

Ukijua utasubiri zaidi ya miezi michache, fanya hivi wiki ile ile uliyomwaga. Safisha nondo, zipake uji mzito wa saruji, kisha zifungie boksi dogo uzimwagie zege dhaifu, moja kwa nane, kutoka shingoni hadi juu ya ncha. Kichwa chake kichongwe kama kofia, maji yatiririke. Siku ya kuendelea litavunjwa kwa nyundo bila kuumiza nguzo. Kufunga mifuko ya nailoni peke yake kunaficha tu. Unyevu hubaki ndani na nondo huchemka humo.

Nondo zilizokwisha kukaa wazi miaka, zisugue hadi chuma king'ae, upime kipenyo shingoni kwa kalipa katika pande mbili. Iliyokuwa mm 16 ikisoma 14, eneo lake limepungua kama asilimia 23. Hapo mwite injinia; atakuambia kama unaongeza nondo kwa kutoboa na kupandikiza au unavunja. Usimruhusu fundi aunge nyingine pembeni na kuendelea.

Kama kutu imeshaanza

Kwanza gonga eneo lote, chora kwa chaki kila panapolia debe. Roshani au boriti iliyopasuka sana iwekee mirunda ya kuibeba kabla hujagusa kitu, na mwite injinia. Kisha jua adui ni yupi. Vunja kipande kipya, nyunyizia fenoliftalini, ambayo maduka ya kemikali za maabara huwa nayo: zege zima linageuka zambarau, lililoingiwa na hewa ukaa halibadiliki rangi. Likiwa la zambarau hadi kwenye nondo na bado kuna kutu, basi ni chumvi, na unga wa zege upelekwe maabara kupimwa kloridi.

Kukarabati kwenyewe: kata ukingo wa kiraka kwa grainda, kina cha sentimita moja, ili kiraka kisiishie kwa ukingo mwembamba kama unyoya. Chimba mpaka nyuma ya nondo, milimita 20 au zaidi, kidole kipite. Hapa ndipo mafundi wa bei nafuu hukimbia. Wanasafisha upande wa mbele na kuacha kutu ikilala nyuma. Endelea kuifuata nondo mpaka ufike sentimita 5 za chuma kisafi. Isugue, kisha ioshe kwa maji baridi yenye msukumo, maana brashi hung'arisha juu na kuacha chumvi ndani ya vishimo. Ipake dawa ya zinki au ya saruji siku hiyo hiyo. Lowesha zege la zamani, liache likauke usoni tu, ujaze kwa mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga) ya kukarabati, si jasi wala plasta ya ukutani. Mwagilia siku 7.

Kama tatizo ni chumvi, kiraka kipya kitakuwa kizima na zege linalokizunguka litabaki limejaa kloridi. Tofauti hiyo huisukuma kutu ihamie pembezoni, na baada ya miaka michache kunatokea pete ya nyufa kuzunguka kiraka. Dawa yake ni kufunga vipande vya anodi za zinki kwenye nondo kando ya kiraka, zinki iliwe badala ya chuma, au kuchimba eneo kubwa zaidi. Kwa vyovyote, andika tarehe kwenye kona ya kiraka kwa rangi, na kila baada ya masika gonga shubiri moja nje ya ukingo wake, kuuzunguka wote.